Masijala Isiyo na Mlango

Nilianza kazi ya ukarani wa masijala mwaka 1981. Wasomaji vijana huenda hawalijui vizuri neno hilo, kwa hiyo naomba nilieleze. Masijala ni chumba ambamo majalada ya ofisi hutunzwa. Barua ikiingia, hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika rejista, hupewa namba ya folio kwa wino mwekundu, kisha hufungwa ndani ya jalada lake. Afisa akilihitaji jalada hupewa, lakini mahali pake rafuni hubaki kipande cha karatasi kinachosema limekwenda kwa nani na tarehe gani. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema kwamba jalada ni kama mtu aliye safarini: lazima nyumbani wajue yuko wapi.

Mwaka 1986 alifika mama mmoja mjane kuulizia kiwanja cha marehemu mumewe. Nikalitoa jalada. Folio 22 ilikuwemo, na 24 ilikuwemo. Folio 23 haikuwemo. Rejista ilionyesha kwamba barua iliingia, tena ilihusu kiwanja kile, basi. Aliyeichomoa aliichomoa kwa ustadi, hata uzi haukulegea. Kama si wino mwekundu wa mzee wangu, tusingejua kamwe kwamba kitu kimetoka. Tulijua kwamba tumeibiwa, lakini barua ilisema nini hatukujua, kwa sababu nakala yake haikuwepo popote duniani. Mama yule alirudi mara nne. Mara ya tano hakuja.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia hapa, ya jinsi waandishi wa programu huria walivyojifunza kupanga na kulinda maghala ya msimbo wao, nimeielewa kwa njia ya folio ile. Na nisingeijua kabisa kama si binti yangu.

Binti yangu ni mwandishi wa programu. Yeye na wenzake sita wanatengeneza programu huria ya kutunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, vile akina mama wanavyoviita vikoba. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ambayo kompyuta huyafuata, yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha. Jioni moja alikuja nyumbani amechoka kwa ubishi. Wenzake walikuwa wamegawanyika: wengine walitaka msimbo wote ukae katika ghala moja, wengine walitaka kila sehemu iwe na ghala lake. Tena walibishana ni nani awe na mamlaka ya kuingiza mabadiliko.

"Baba," aliniambia, "wewe umekaa na majalada miaka thelathini. Mlikuwa mnapangaje?"

Nilimjibu, "Mwanangu, sisi tulipanga kwa sababu tulikwisha kupoteza. Kwanza nieleze hao wa kwenu wamepoteza nini."

Akacheka, lakini alinieleza, na yale asiyoyajua tuliyatafuta pamoja. Kurasa hizi ni matunda ya jioni zile.

Mwanzo wa mambo haya ni shida ambayo karani yeyote anaijua. Mwaka 1972, katika maabara za Bell nchini Marekani, Marc Rochkind aliandika programu iliyoitwa SCCS ili kutunza kila toleo la faili la msimbo, na si toleo la mwisho peke yake. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa nyingine, RCS. Zote mbili zilifanya kazi kama masijala yetu: anayetaka kulibadili faili hulichukua na kulifunga, na wengine husubiri mpaka alirudishe. Utaratibu huo ni salama, lakini nani hajui adha ya jalada lililokaa miezi mitatu mezani kwa afisa aliyekwenda likizo?

Aliyeifungua kufuli hiyo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, Dick Grune. Kati ya mwaka 1984 na 1985 alikuwa akiandika programu pamoja na wanafunzi wake wawili. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi saa za ofisi, wa pili hakuwa na saa maalumu, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kungojana kungewashinda. Ndipo akabuni utaratibu ambao kila mmoja huchukua nakala yake, hufanya kazi yake, kisha mabadiliko huunganishwa. Na pale tu watu wawili walipougusa mstari mmoja ndipo hukaa wakapatana. Aliutoa kwa watu wote mwaka 1986, ukaitwa CVS. Kwa miaka mingi baadaye miradi mikubwa ya programu huria iliishi ndani ya CVS. Naona ajabu kwamba chombo kilichotumiwa na maelfu ya watu kilizaliwa kwa sababu watu watatu hawakuweza kukutana kwa wakati mmoja.

Lakini CVS ilikuwa na masijala moja tu, mahali pamoja, yenye funguo kwa wachache. Aliyekuwa na ufunguo aliingiza kazi yake. Asiyekuwa nao alituma maombi na kungoja.

Tuje sasa kwa Linux. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa toleo la kwanza la kiini cha mfumo endeshi, la mistari kama elfu kumi. Hakuwa na ghala la aina yoyote. Watu walimtumia viraka kwa barua pepe, yaani vipande vya msimbo vinavyosema "toa mstari huu, weka huu", naye alivisoma, akavishona kwa mkono wake, kisha akaweka furushi zima mahali ambapo yeyote angeweza kulichukua. Mwaka 1996 alifanya mzaha kwamba yeye hana haja ya kuhifadhi nakala: huiweka kazi yake hadharani, na dunia nzima humnakilia. Mzaha huo tuukumbuke, tutaurudia.

Utaratibu wa mtu mmoja una uzuri wake, maana hakuna kipande kilichoingia bila kupita mbele ya macho yake. Lakini mto uliendelea kujaa. Mwaka 1998 malalamiko yakalipuka. Watu walisema viraka vyao vinapotea bila jibu, wanalazimika kuvituma tena na tena, na kwamba Torvalds ameelemewa. Binti yangu aliposoma hapo alisema, "Huyu alikuwa afisa mwenye majalada mia mezani." Nami nikamwambia kwamba mahali pa namna hiyo ndipo barua hupotea bila mwizi.

CVS Torvalds aliikataa katakata. Larry McVoy, Mmarekani, alikuwa akitengeneza programu iitwayo BitKeeper ambayo haikuhitaji masijala moja kuu: kila mtu alikuwa na ghala kamili lenye historia yote, na maghala yaliweza kupeana mabadiliko. Mwezi Februari 2002 Torvalds akaanza kuitumia. Kazi ikaenda kasi. Tatizo lilikuwa moja: BitKeeper haikuwa programu huria. Ilikuwa mali ya kampuni, nao watu wa Linux walipewa bure kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba anayeitumia asishiriki kutengeneza chombo cha kushindana nayo. Wengi walinung'unika kwamba nyumba ya uhuru imejengwa juu ya kiwanja cha kukodi. Kwa ajili ya waliokataa masharti hayo, iliwekwa pia nakala ya msimbo katika CVS, iliyotolewa kutoka katika ghala kuu la BitKeeper.

Kupatikana kwa vitabu viwili, kimoja kikuu na kingine nakala, ndiko kulikoiokoa Linux mwaka uliofuata.

Tarehe 5 Novemba 2003 McVoy aliwaarifu wenzake kwamba amekuta jambo la ajabu. Katika nakala ya CVS mlikuwa na badiliko ambalo halikuwa na kumbukumbu yoyote katika ghala kuu. Lilikuwa la mistari miwili tu. Kwa jicho la haraka lilifanana na ukaguzi wa kawaida: kama mtumiaji ni namba sifuri, mrudishie kosa. Namba sifuri katika mfumo huo ni mwenye nyumba, mwenye mamlaka yote. Sasa, katika lugha ya C ambayo Linux imeandikwa, alama mbili za usawa zikifuatana huuliza: je, huyu ni sifuri? Alama moja haiulizi, huamrisha: huyu na awe sifuri. Aliyeandika mistari ile aliweka alama moja. Mtu yeyote aliyejua namna ya kubisha hodi angefanywa mwenye nyumba, katika kila kompyuta ambayo msimbo ule ungefika.

Mtu alikuwa amevunja seva yenye nakala ile akachomeka ukurasa wake. Hakupata kujulikana hadharani. Ukurasa haukufika katika ghala kuu, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Lakini niliposoma habari hii nilisimama nikazunguka chumbani. Kwetu folio ilichomolewa, kwao ilichomekwa. Na kote kuwili kilichomfichua mwizi ni kutolingana kwa jalada na rejista. Wino mwekundu, ndugu msomaji. Hakuna kingine.

Miezi kumi na saba baadaye kiwanja cha kukodi kikadaiwa na mwenyewe. Andrew Tridgell wa Australia alikuwa ameandika programu ndogo ya kuzungumza na seva za BitKeeper. McVoy aliona masharti yamevunjwa, na mwezi Aprili 2005 leseni ya bure ikaondolewa. Tridgell alijitetea mbele ya mkutano mjini Canberra mwezi huohuo. Aliunganisha kompyuta na seva hiyo mbele ya watu wote, akaandika neno moja la kuomba msaada, na seva yenyewe ikamworodheshea amri zake. Nani alikuwa na haki katika ugomvi huo sitaamua mimi. Ninachojua ni kwamba siku ile mradi mkubwa kuliko yote ya programu huria ulijikuta hauna masijala.

Torvalds aliiacha kazi ya kiini akaketi kutengeneza ya kwake. Alianza tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7, yaani siku nne baadaye, chombo kilikwisha kutunza msimbo wake chenyewe. Alikiita Git. Mwezi Julai mwaka huohuo alimkabidhi Junio Hamano ulezi wake.

Je, ndani ya Git mna nini? Nitaeleza kikarani. Kila badiliko huandikwa pamoja na jina la mwandishi, wakati, na maelezo ya sababu. Kisha yote hayo hupitishwa katika hesabu inayotoa tarakimu na herufi 40, ambazo ni kama alama ya kidole cha badiliko hilo. Na katika kila badiliko huandikwa alama ya kidole ya lile lililotangulia, ambayo nayo imeumbwa kwa kulihesabu la kabla yake, hadi mwanzo kabisa. Kwa hiyo mtu akibadili nukta moja katika ukurasa wa miaka kumi iliyopita, alama ya ukurasa huo hubadilika, na ya unaofuata, na ya unaofuata, mpaka wa leo. Ni kama jalada ambalo kila folio imegongwa muhuri uliochongwa kutokana na folio iliyopita. Tena kila anayechukua ghala huchukua majalada yote na rejista yote. Masijala haina mlango. Kila msomaji ni mtunzaji.

Torvalds hakulilinda ghala lake kwa kufuli kubwa zaidi, bali kwa kupanga watu. Msimbo wa Linux umekaa katika ghala moja, lenye vyumba ndani yake: vya vifaa, vya mtandao, vya mifumo ya faili, na kadhalika. Lakini kila eneo lina mlezi mwenye ghala lake, nakala ya lile kuu pamoja na kazi mpya ya eneo lake. Mabadiliko hupanda kutoka kwa mwandishi kwenda kwa mlezi, na kutoka kwa mlezi kwenda kwa Torvalds, ambaye huchukua kutoka kwa watu anaowaamini. Majina ya walezi yameandikwa katika faili moja ndani ya ghala lenyewe, hivyo mgeni hapotei njia. Tangu mwaka 2008 kuna pia ghala la majaribio, lililoanzishwa na Stephen Rothwell, ambamo kazi za walezi wote hukusanywa zionekane kama zinagongana kabla hazijafika kwa mkubwa.

Utaratibu huu ulipata mtihani mwezi Agosti 2011. Ilibainika kwamba wadukuzi wamezivunja seva za kernel.org, nyumbani kwa msimbo wa Linux, na kupata mamlaka yote ndani yake. Seva zilizimwa kwa zaidi ya mwezi mmoja. Enzi za CVS ingekuwa msiba wa kukagua mistari kwa mamilioni. Sasa nakala zilikuwa zimetapakaa katika kompyuta za maelfu ya watu, na ukurasa wowote uliochezewa ungekataa kulingana na wa kwao. Torvalds alilihamishia ghala lake kwa muda kwenye GitHub na kazi ikaendelea. Mwizi aliingia masijala, lakini majalada yalikuwa kwa kila mtu.

Hapo nilitaka kufunga kitabu. Binti yangu akanizuia. "Bado hujasikia ya KDE," alisema.

KDE ni mradi wa programu za mezani ulioanzishwa na Mjerumani Matthias Ettrich mwaka 1996. Wao walitoka CVS wakaingia Subversion mwaka 2005, wakiwa na ghala moja kubwa. Katika Subversion mtu anaweza kuchukua rafu moja tu ya ghala; katika Git, kwa kawaida, huchukua ghala zima na historia yake. Kwa hiyo walipohamia Git iliwabidi kugawanya. Kufikia mwaka 2013 walikuwa na maghala kama 1,500. Yote yalikaa katika seva moja kuu, na seva nyingine kadhaa zilikuwa zikinakili kutoka kwake kila mara. Hawakuwa na hofu. Nakala si zipo?

Mwezi Machi 2013 seva kuu ilizimwa kwa matengenezo. Ilipowashwa, diski yake ilikuwa imeharibika. Na seva za nakala, kwa utii wao wote, zikafuata. Zilikuwa zimeagizwa zifanane na mkubwa wao kwa kila hali. Mkubwa alipoonyesha kwamba maghala hayapo, nazo zikayafuta ya kwao. Kazi ya miaka na miaka ya watu wasiolipwa ilikuwa inamalizika hivyo. Kwa bahati seva moja ilikutwa bado na nakala nzima, na humo ndimo walimoirudishia kazi yao.

Hapo nikaukumbuka ule mzaha wa 1996. Ni kweli dunia inaweza kukunakilia. Lakini nakala inayoiga bila kuuliza ni kioo tu, na ukivunja sura mbele ya kioo, kioo hakitakuhifadhia sura ya jana. Wala muhuri peke yake hautoshi: muhuri hukuambia umeibiwa, haukurudishii. Mwaka 1986 mimi nilikuwa na muhuri bila nakala. Mwaka 2013 KDE walikuwa na nakala nyingi, na chombo chao kilikuwa na mihuri, lakini hakuna aliyeamrisha mihuri ikaguliwe kabla ya kunakili. Hifadhi husimama kwa miguu miwili, na kila mguu lazima uwe na mtu wa kuuangalia.

Binti yangu aliniuliza basi nawashauri nini. Nilimwambia kwamba watu saba wanaofanya kitu kimoja hawana haja ya majengo saba. Wawe na ghala moja, vyumba vyake viwe na majina ambayo mgeni atayaelewa bila kuuliza. Kila badiliko liandikwe sababu yake kwa sentensi kamili, kwa sababu atakayeisoma huenda hajazaliwa. Ufunguo wa kuingiza mabadiliko uwe kwa wawili, na hakuna hata mmoja wao atakayeingiza kazi yake mwenyewe bila mwenzake kuisoma. Majina yao yaandikwe ndani ya ghala. Na mara moja kila mwezi mtu achukue nakala ya akiba, si kuitazama kama ipo, bali kuifungua katika kompyuta nyingine mpaka programu ifanye kazi.

"Hilo la mwisho wataliona usumbufu," alisema.

"Ni usumbufu kweli," nikamjibu.

Walikubaliana na mengi ya hayo. Juu ya zamu ya kila mwezi bado wanabishana, na zamu mbili za kwanza amezifanya yeye mwenyewe.

Mimi nimestaafu. Mzee aliyenifundisha kazi alikwisha kufariki, na wino mwekundu sidhani kama kuna anayeununua. Lakini hesabu za vikoba zile ni fedha za akina mama: elfu tano ya huyu, elfu kumi ya yule, mkopo wa cherehani, ada ya mtoto. Siku moja mmoja wao atakuja kuuliza juu ya haki yake, na kijana atafungua kumbukumbu kumtafutia. Ninachoomba ni kwamba baada ya ishirini na mbili aikute ishirini na tatu.